Pampu ya Dawa Ikirudi Nyumbani na Mgonjwa

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa wadi ya Sarang'ombe na majirani wao wa Kawangware. Yametayarishwa kusomwa kwa sauti barazani, katika vyama vya akina mama, makanisani na misikitini.



Mazungumzo ya leo yanahusu kitu kidogo ambacho wengi hapa hawajakiona. Ni chupa ya plastiki inayotoshea mkononi, ndani yake kuna puto lililojaa dawa, na kutoka kwenye chupa unatoka mrija mwembamba unaoingia kwenye mshipa wa mgonjwa, mara nyingi kifuani au mkononi. Mgonjwa hufungiwa chupa hiyo hospitalini, kisha huambiwa aende nyumbani. Anaweza kupanda matatu ya Olympic akiwa nayo, akapika nayo, akalala nayo. Dawa inaendelea kuingia mwilini tone kwa tone, mchana na usiku, bila muuguzi kando yake.

Hiyo ndiyo pampu ya dawa ya kubebeka. Iko pia ya aina nyingine, ya betri, yenye kioo kidogo cha namba na sauti ya kengele. Aina zote mbili hufanya kazi moja: kuingiza dawa polepole kwa muda mrefu ili mgonjwa asilazwe kitandani cha hospitali kwa siku mbili, tatu au nne. Hutumika kwa dawa za kuua vijidudu, za maumivu makali na, zaidi katika mazungumzo haya, za saratani. Kwa mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana, dawa inayoitwa fluorouracil mara nyingi huingizwa kwa muda wa saa 46 mfululizo. Wenye kisukari katika nchi nyingi nao hutumia pampu za insulini, ambazo zina mafunzo yake na hazitazungumziwa leo.

Kubeba pampu si jambo jipya duniani. Mapema katika miaka ya 1960, daktari Arnold Kadish wa Los Angeles, Marekani, alitengeneza pampu ya insulini kubwa kiasi cha kubebwa mgongoni kama begi la shanta. Miaka ya 1970 Mmarekani mwingine, Dean Kamen, akaunda pampu ndogo ya kuvaliwa mwilini. Chupa ya puto ni rahisi kuliko hizo zote. Haina umeme wala betri. Puto hujazwa dawa likanyooka, na kwa kuwa mpira hutaka kurudi ulivyokuwa, unaisukuma dawa nje. Kinachoizuia isitoke kwa kasi ni kipande kidogo kwenye mrija chenye tundu jembamba sana. Kipande hicho ndicho breki.

Mahali ambapo stima hupotea bila taarifa na tokeni huisha usiku wa manane, pampu isiyohitaji umeme ni baraka kubwa. Lakini ina upungufu mmoja ambao familia lazima iujue: haina sauti. Dawa ikienda kasi kupita kiasi, pampu hainung'uniki. Ikisimama, iko kimya vile vile. Macho ya watu wa nyumbani ndiyo kengele yake.

Kwa nini jambo hili ni zito? Mwaka 2006, jijini Edmonton nchini Kanada, mwanamke wa miaka 43 alifungiwa pampu ya umeme yenye fluorouracil. Dawa ile ilipangwa kuingia kwa siku 4. Hesabu ilikuwa mililita 28.8 kwa siku nzima, yaani mililita 1.2 kwa saa. Kwenye pampu ikaingizwa namba ya siku mahali pa namba ya saa. Wauguzi wawili walihakiki na wote wawili hawakuona kosa. Dawa ya siku 4 ikaisha kwa muda wa saa 4. Mwanamke huyo alifariki takriban wiki tatu baadaye.

Kisa hicho kimetajwa kwa sababu kinaonyesha mambo mawili, wala si cha kumtisha mtu aache matibabu. Kwanza, kosa linaweza kutokea hata kwenye nchi tajiri, mikononi mwa wataalamu wenye nia njema. Pili, na hili ndilo la kushika hata kama mengine yote yatasahauliwa: dawa iliyoisha mapema mno haimwangushi mtu papo hapo. Mgonjwa anaweza kucheka, kula na kwenda kulala akijiona mzima. Madhara huja baada ya siku kadhaa: vidonda mdomoni, kuhara kusikoisha, kutapika, kuchanganyikiwa, na damu kuishiwa na chembe za kupambana na maradhi. Kwa hiyo pampu iliyokauka kabla ya wakati ni dharura hata kama mgonjwa anasema hajisikii vibaya. Desemba 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya kupunguza sumu ya fluorouracil iliyozidi, nayo inatakiwa kuanza ndani ya saa 96 tangu dawa ya saratani iishe kuingia. Hata pale ambapo dawa hiyo haipatikani, daktari aliyejua mapema ana nafasi ya kumlaza mgonjwa, kumpima damu na kumkinga na maambukizi. Aliyeambiwa siku ya tano amechelewa.

Sasa chukua mfano wa mama anayeuza omena Gatwekera. Ni mfano tu, si mtu fulani. Ana chumba kimoja cha mabati, watoto wawili na mjukuu. Amefungiwa pampu ya puto Jumatatu saa sita adhuhuri. Saa 46 zitaisha Jumatano saa nne asubuhi.

Kabla hajatoka hospitalini, yapo maswali ambayo hapaswi kuyaonea haya. Pampu hii inatakiwa kuisha saa ngapi? Ikitangulia au ikichelewa kwa saa ngapi ndipo apige simu? Nani anashika simu saa nane za usiku? Ni nani atakayeitoa, na wapi? Pampu za puto si saa ya ukutani. Kutangulia au kuchelewa kwa saa chache kunaweza kuwa kawaida kwa aina aliyopewa, na kiwango hicho hukitaja hospitali, si jirani. Majibu yaandikwe kwenye karatasi. Simu huzima, huishiwa na krediti au huibiwa, kwa hiyo namba ya hospitali iandikwe pia kwa kalamu nene kwenye kipande cha kadibodi, kibandikwe nyuma ya mlango ambapo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuisoma. Chini yake iandikwe 999 na 112.

Aombe pia barua fupi inayosema amefungiwa nini, dawa gani na kwa muda gani. Barua hiyo ina kazi nyingi. Itamsaidia kwa askari wa mlangoni anayepekua mifuko, ambaye akiona chupa yenye mrija chini ya sweta ana haki ya kuuliza. Itamsaidia zaidi akizidiwa na kupelekwa kituo cha afya kilicho karibu, ambako aliye zamu huenda hajawahi kuona pampu kama hiyo. Kituo cha karibu kinaweza kumpa huduma ya kwanza na kumtafutia gari. Uamuzi kuhusu dawa yenyewe ni wa hospitali iliyoifunga.

Anaporudi nyumbani, pampu hukaa kwenye mfuko mdogo wa kiunoni. Nairobi mfuko wa kiunoni unajulikana kuwa wa pesa. Wakati wa msongamano wa jioni kituoni, mfuko huo ukiwa juu ya nguo ni kama kumwita mwizi, na mwizi akiuvuta ataondoka na mrija. Uvaliwe chini ya sweta au leso, mrija ukikunjwa na kubandikwa mwilini usining'inie. Kwenye matatu akae mbali na mlango na mbali na mkono wa kondakta. Boda boda, kwa njia za mawe na matope za huku ndani, si usafiri mzuri kwa mtu mwenye mrija kifuani. Akilazimika, basi awe peke yake nyuma ya dereva na mfuko uwe mbele yake.

Mrija ukikatika au ukichomoka njiani, klipu iliyo karibu na mwili ifungwe mara moja. Kama hakuna klipu, mrija ukunjwe mara mbili na kubanwa kwa vidole, upande ulio karibu na mwili. Kisha hospitali. Kuuunganisha tena kwa mkono au kwa selotepu ni kuruhusu uchafu uingie moja kwa moja kwenye damu.

Nyumbani sasa. Hapa pana jambo ambalo vijitabu vya pampu, vilivyoandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya na Marekani, havikuliwaza sana: chumba cha mabati. Kasi ya pampu ya puto hutegemea joto. Dawa ikipoa huwa nzito kidogo na kwenda taratibu. Ikipata joto hulegea na kukimbia. Kila digrii moja hubadilisha kasi kwa takriban asilimia 2 hadi 3. Ndiyo maana ile breki ndogo kwenye mrija hubandikwa kwenye ngozi kwa plasta, kwa kuwa joto la ngozi halipandi na kushuka ovyo. Plasta hiyo si urembo. Ikibanduka kwa jasho, ibandikwe tena pale pale muuguzi alipoonyesha.

Mchana wa Februari, mabati yakiwaka, mama wa mfano wetu akae nje penye kivuli. Akipika, asiinamie jiko huku pampu ikining'inia karibu na makaa. Ni afadhali binti yake asonge ugali kwa siku hizo mbili. Usiku wa Julai wenye baridi asiweke chupa ya maji moto juu ya pampu akidhani anaisaidia. Pia asiipeleke kwenye friji ya dukani akidhani dawa itaharibika. Dawa iliyokwisha fungwa mwilini haiwekwi kwenye friji.

Kimo pia kina neno. Watu wengi hapa hutundika mifuko kwenye msumari ukutani, kwa sababu sakafu ni ya vitu vingine. Pampu haitundikwi. Ikikaa juu sana ya mwili dawa huongeza kasi kidogo, na mgonjwa akigeuka usingizini mrija huvutika. Akilala, mfuko uwe kando yake kwenye godoro, usawa wa mwili, si chini ya mto wala chini ya mgongo wa mtoto. Ndiyo, mtoto. Familia nyingi hulala kitanda kimoja. Kwa usiku mbili hizo, mjukuu alale na mtu mwingine.

Na mtoto ana hatari yake nyingine. Baadhi ya chupa hizi zinafanana sana na chupa ya kunyonyeshea. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiiona, ataivuta. Wakubwa wa nyumba waambiwe siku ya kwanza, kwa lugha rahisi: hii ni dawa ya shosho, haiguswi, haifunguliwi, haikatwi.

Wakubwa nao wana makosa yao. Mtu huona puto halijapungua tangu asubuhi, akadhani limekwama, akaanza kulikamua. Puto halikamuliwi. Mabadiliko ya saa chache za kwanza ni madogo na jicho haliyaoni. Njia nzuri ni kuliangalia asubuhi, jioni na kabla ya kulala, na kuandika: Jumatatu jioni, bado kubwa. Jumanne asubuhi, limepungua, alama iko hapa. Chupa nyingi zina alama ubavuni. Zisizo nazo, mtu anaweza kupiga picha kwa simu na kulinganisha. Mama wa Gatwekera akikuta Jumanne asubuhi puto limesinyaa lote, hapo ndipo kile kisa cha Kanada kinapohusika. Apige simu, afuate anavyoelekezwa, aende hospitali na pampu yenyewe na karatasi yake ya saa, siku hiyo hiyo. Asingoje Jumatano kwa sababu ndiyo siku ya miadi.

Na kama Jumatano asubuhi puto bado ni kubwa kama lilivyokuwa? Kwanza aangalie kama klipu imefungwa kwa bahati mbaya au mrija umejikunja chini ya sidiria au mshipi. Kama ni hivyo, apige simu kabla ya kurekebisha lolote na aseme alichokiona. Dawa iliyochelewa si hatari ya haraka kama iliyokimbia, lakini mrija uliosimama muda mrefu huweza kuziba kwa damu.

Wenye pampu ya betri wana shida nyingine. Pampu ya betri hupiga kelele, na kelele hizo huwafanya watu wabonyeze vitufe hadi inyamaze. Kunyamazisha kengele si kutatua shida. Ujumbe ulioandikwa kwenye kioo usomwe na kuelezwa hospitali kwa simu. Namba zilizowekwa na hospitali hazibadilishwi na mtu yeyote nyumbani, hata kijana wa kutengeneza simu anayejua kila kitu. Kama ni ya kuchaji, ichajiwe mapema mchana badala ya kungoja ibaki na alama moja saa tatu usiku, na isichomekwe kwenye waya za sambaza zinazopanda na kushuka nguvu. Kama ni ya betri za kawaida, hospitali iseme aina gani, na za akiba zinunuliwe dukani kabla ya siku ya kufungiwa. Betri za bei ya chini za kandokando ya barabara zinaweza kutosha redio, lakini si kitu kinachosukuma dawa kwenye moyo wa mtu.

Kuhusu kuoga: beseni na kitambaa. Maji yasimwagike juu ya mahali mrija unapoingia. Bandeji ikilowa au ikibanduka, hospitali ndiyo huibadilisha kwa vifaa safi. Kila siku mtu mmoja aangalie mahali hapo kwa mwanga mzuri. Ngozi ikiwa nyekundu, ikivimba, ikiuma, ikichoma kama pilipili au ikitoa maji, dawa huenda inamwagika chini ya ngozi badala ya mshipani. Ni simu mara moja. Vivyo hivyo joto la mwili likifika digrii 38, au mgonjwa akitetemeka kwa baridi, au akipata maumivu ya kifua. Maumivu ya kifua wakati fluorouracil inaingia hayaitwi gesi wala asidi hadi daktari aseme hivyo, kwa kuwa dawa hii wakati mwingine hubana mishipa ya moyo.

Sasa jambo ambalo watu huona aibu kuliuliza. Dawa ya saratani haibaki yote mwilini; sehemu yake hutoka na mkojo, kinyesi, matapishi. Wataalamu hushauri tahadhari hadi saa 48 baada ya dawa kwisha. Mwongozo wa kawaida husema: funga kifuniko, vuta maji mara mbili. Ploti nyingi za Kianda na Gatwekera hazina kifuniko wala maji ya kuvuta. Kuna choo cha shimo cha familia kumi, au choo cha kulipia kinachofungwa usiku.

Kwa hiyo lifanyike linalowezekana. Mgonjwa, awe mwanamume au mwanamke, achuchumae au akae ili mkojo usirukie sakafu. Baada yake amwage maji ya kutosha pale penye matone, kisha anawe kwa sabuni. Usiku atumie ndoo yenye mfuniko inayotumiwa na yeye peke yake. Anayeimwaga avae glavu, aimwage polepole chooni bila kurusha, aisuuze kwa sabuni na maji, na maji hayo nayo yaende chooni, si kwenye mtaro unaopita mbele ya mlango wa jirani. Mifuko ya plastiki inayotupwa usiku haifai kwa mtu yeyote, na kwa mgonjwa huyu haifai zaidi. Mwanamke mjamzito au anayenyonyesha asipewe kazi hiyo, hata kama ndiye binti pekee aliyeko nyumbani. Hapa ndipo jirani mwema anahitajika kuliko mahali pengine popote.

Hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa. Kumsalimu kwa mkono, kumkumbatia, kula naye, kukaa naye kochi moja, vyote ni salama. Kinachoogopwa ni maji ya mwilini na dawa iliyomwagika. Kumekuwa na tabia ya kumwona mtu mwenye mrija kuwa na ugonjwa wa kuambukiza. Saratani haiambukizwi kwa kukaa pamoja, na wahudumu wa afya ya jamii wanafanya vyema kulisema hilo ploti nzima ikisikia.

Ikitokea chupa imepasuka au inavuja, klipu ifungwe, watoto watolewe nje. Anayesafisha avae glavu mbili, apangusie dawa kwa karatasi au kitambaa kikuukuu akianza pembeni kuelekea katikati, kisha aoshe kwa maji ya sabuni mara kadhaa. Kila kilichotumika kitiwe kwenye mfuko, mfuko ndani ya mfuko mwingine, ufungwe na kurudishwa hospitali. Usitupwe jaani ambako vijana wa kuokota plastiki watauparamia, na usichomwe. Shuka zilizolowa zifuliwe peke yake, mara mbili. Dawa ikigusa ngozi, ni sabuni na maji mengi. Ikiingia jichoni, maji safi kwa dakika 15 bila kusimama, kisha hospitali. Kwa hiyo mtungi mmoja wa lita 20 uwe umejaa na hautumiki kwa kitu kingine siku zote ambazo pampu iko nyumbani. Bei ya maji hupanda mifereji ikikauka, na anayemtunza mgonjwa asikutwe ndiyo kwanza anatafuta muuza maji.

Hapo awali imetajwa siku ya kurudi. Inahitaji mpango kuliko siku ya kufungiwa, kwa sababu hapa ndipo mambo ya nje huingilia. Mvua za Machi hadi Mei hugeuza njia za kuteremkia mto Ngong kuwa matope matupu. Siku za maandamano, barabara hufungwa kabla ya saa tatu asubuhi. Matatu hugoma. Kawangware na Kibera haziko mbali na hospitali kubwa. Mbagathi iko pale pale mpakani na Hospitali ya Kenyatta nayo iko karibu. Lakini umbali mfupi siku ya vurugu ni mrefu. Mgonjwa awe na nauli ya kwenda na kurudi iliyowekwa kando tangu Jumatatu, awe na mtu wa kumsindikiza, na awe amewauliza wauguzi: nikishindwa kufika saa nne, nifanye nini? Pampu iliyokwisha hutolewa na muuguzi, kwa sababu sindano yake na mrija wa mshipani vinahitaji kusafishwa kwa utaratibu maalumu. Yupo anayesema jamaa yake aliivuta mwenyewe na hakupata shida. Huenda. Maambukizi yanayoingia kupitia mrija wa kifuani huenda moja kwa moja kwenye damu.

Wahudumu wa afya ya jamii hawatakiwi kugusa pampu, na wasikubali kushawishiwa. Wanachoweza kufanya ni kujua nyumba ipi ina mgonjwa wa aina hii, kupita jioni ya kwanza, kuuliza puto liko wapi na plasta imeshika wapi, kupima joto la mwili kwa kipimo kilicho kwenye mkoba wao, na kuhakikisha namba ya simu iko mlangoni. Ziara ya dakika kumi inatosha.

Mama wa Gatwekera atatolewa pampu yake Jumatano saa nne asubuhi. Tahadhari za choo na ndoo zitaendelea hadi Ijumaa saa nne. Mara nyingi matibabu ya namna hii hurudiwa kila baada ya wiki mbili, mara nyingine hadi duru kumi na mbili. Kwa hiyo sanduku la glavu lirudishwe juu ya kabati, kadibodi ibaki nyuma ya mlango, na mtungi uoshwe na kujazwa tena kabla ya Jumatatu ya duru inayofuata.